Sauti ya Shaibu Niliyoifuta kwa Mkono Wangu

Ilikuwa saa nane na dakika kumi mchana nilipobonyeza kitufe na kuiamuru kompyuta ya marehemu mpwa wangu ifute kila kitu kilichokuwa ndani yake. Naikumbuka saa hiyo kwa sababu niliitazama makusudi, nipate kujua kazi itachukua muda gani. Nilikuwa mtulivu kabisa... Niliagiza hata chai!

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mmoja, mkazi wa Nachingwea mjini, nina mke na watoto wanne. Nilizaliwa Marambo, na ujana wangu wote nilikuwa mkulima wa korosho na ufuta kama wazee wangu. Chuo sikupita. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa mashine kuukuu niliyouziwa na mtumishi wa serikali aliyekuwa akihama, pamoja na kamusi ya Kiingereza isiyo na jalada. Kila neno lililotokea kwenye kioo nililisoma, na nisilolijua nikalitafuta. Leo nina kiofisi karibu na soko. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua, na kompyuta za watu zikiharibika nazifomati, yaani nazifuta zote, na kuzipiga window upya.

Watu wananiamini kwa sababu silipui kazi, yaani siifanyi haraka haraka. Mpwa wangu Shaibu alikuwa akinitania kwa hilo. Alisema mjomba wake hata chai anaisoma maelezo kabla ya kuinywa.

Shaibu alikuwa mtoto pekee wa dada yangu mkubwa, Dada Somoe, anayeishi Ruangwa. Kwetu sisi Wamwera mjomba si ndugu wa kusalimiana tu. Mtoto wa dada ni wa kwako. Ukoo unakuuliza wewe anapotaka kuoa, unakuuliza wewe anapougua, na akifa, wewe ndiye unayesimama mbele ya watu. Mimi ndiye niliyempeleka Shaibu kwa wakwe zake. Mimi ndiye niliyemwonyesha kwa mara ya kwanza namna ya kukata na kuunganisha video, na kazi hiyo ndiyo iliyokuja kumlisha. Alikuwa akirekodi harusi, ngoma za watoto wanaotoka jandoni, na mechi za mpira.

Alifariki akienda kurekodi mechi, njia ya kwenda Namungo. Pikipiki aliyopanda iliteleza kwenye changarawe. Kamera ilivunjika pale pale. Simu yake haikuonekana tena, na hadi leo hatujui aliyeiokota. Aliacha mke, Rehema, mwenye mimba ya miezi saba... na laptopu moja.

Wiki mbili baada ya mazishi, Dada Somoe na Rehema walikuja Nachingwea. Dada alikuwa ameifunga ile laptopu kwa kanga, akaipakata mapajani safari nzima. Aliponikabidhi alisema:

"Mdogo wangu, humu ndani yumo mwanangu. Mtoe taratibu."

Rehema akanieleza. Shaibu alikuwa na kawaida ya kujirekodi akiongea na mtoto aliye tumboni. Akirudi kazini anaiweka kamera mezani, anakaa mbele yake, anaongea. Video zote aliziweka kwenye folda moja ambayo, badala ya alama ya kawaida, aliipa picha ya Rehema. Akasema nikiona picha yake, ndiyo hiyo. Shida ilikuwa kwamba kompyuta imejaa virusi. Inawaka kwa taabu, video ikianza inaganda, kisha mashine inajizima. Walitaka kitu kimoja tu: siku ya arobaini ya marehemu watu wamwone na kumsikia, na mtoto akizaliwa aijue sauti ya baba yake.

Nikauliza kuhusu vitu vingine vilivyomo. Rehema akasema mengine ni harusi za watu, na wenyewe walishachukua zao.

Niliwaambia watulie. Nilimwambia Dada kwamba sitapoteza hata herufi moja. Ndivyo nilivyosema!

Jumatano ya wiki hiyo nikaanza kazi kwa utaratibu wangu wote. Niliiona ile folda yenye picha ya Rehema, ipo kwenye uso wa kwanza wa kompyuta. Nikachomeka flashi mpya, nikainakili. Ilikwisha mara moja, kabla sijaondoa mkono kwenye mausi. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka... Video hazinakiliwi kwa kasi ile. Lakini nilifurahi tu kwamba mashine mbovu imenirahisishia kazi.

Sikuishia hapo. Mafundi wengi hunakili wakafuta bila kuhakiki. Mimi nilihakiki. Nikafungua flashi, nikabofya picha ya Rehema, nikaziona video zote zimejipanga. Nikachagua moja na kuifungua. Shaibu akatokea, amevaa fulana ya mpira, anaweka kola vizuri kama vile kuna mgeni.

"Mwanangu, mimi ndiye baba yako. Nina sauti mbaya, lakini utaizoea."

Akacheka. Akafungua mdomo kuendelea... nami nikaifunga. Sikuwa na haja ya kuisikiliza yote. Nilichotaka ni kujua kama inafunguka, na ilifunguka.

Wasomaji wangu, mimi ndiye mtu wa mwisho duniani kumsikia Shaibu akiongea na mwanawe. Nami nilimkatiza!

Kisha nikafanya jambo ambalo fundi mlipuaji asingelifanya. Kwa kawaida mtu anayefomati hufuta juu juu. Mafaili hayaonekani tena, lakini yangali yamelala kwenye diski, na mwenye ujuzi anaweza kuyaokota. Mimi sikutaka kirusi hata kimoja kibaki. Nilitoa amri ya kuandika sifuri diski nzima, sehemu zote mbili ambazo Shaibu alikuwa ameigawa, mwanzo hadi mwisho. Ni kama kupiga deki chumba hadi rangi ya sakafu itoke. Ilichukua mchana wote hadi jioni, nami nikiwa naendelea na kopi za wateja.

Kesho yake nikapiga window. Kompyuta ikawa nyepesi kama mpya. Nikaweka na kaswida chache ambazo Dada anazipenda. Mwisho nikachomeka flashi ili nimrudishe Shaibu nyumbani kwake. Nikabofya picha ya Rehema.

Likatokea boksi dogo la maandishi ya Kiingereza, kwamba kitu ambacho alama hii inaelekeza kimehamishwa au kimebadilishwa.

Nililisoma mara nyingi. Hapakuwa na neno hata moja la kutafuta kwenye kamusi.

Folda ile haikuwa folda. Ilikuwa shotikati, alama ya kuonyesha njia tu. Folda yenyewe, kwa kuwa ilikuwa nzito, Shaibu aliiweka katika sehemu ya pili ya diski, katikati ya harusi za watu. Nilipoihakiki kwenye kompyuta ile ile, flashi ilinipeleka kwenye diski ya kompyuta, nami nikadhani natazama kilichomo kwenye flashi. Nilikuwa nimeng'oa kibao cha barabarani kilichoandikwa Ruangwa, nikakitia begani, nikaamini nimeubeba mji.

Alama ya shotikati ina kishale kidogo pembeni. Nakijua. Nimewahi kuwafundisha wengine wakiangalie. Kwenye ile picha kilikuwepo, karibu na bega la Rehema, nami nikakiona kama sehemu ya kitenge chake.

Nikajaribu kila programu ya kurudisha mafaili niliyoifahamu. Nikampelekea diski fundi mmoja Mtwara, mtu mwenye vifaa kuliko mimi. Akanirudishia majibu kwamba diski ni safi kabisa, na akaniuliza ni nani aliyeifanya kazi nzuri namna ile...

Hadi hapo, ndugu zangu, ilikuwa ajali. Kilichofuata hakikuwa ajali.

Siku ya arobaini nilikwenda Ruangwa. Dada alikuwa ameazima televisheni kubwa kwa jirani, ameiweka barazani na kuifunika kitambaa cheupe. Watu walikuwa wamejaa. Wapo waliotoka Kilimarondo, wapo vijana wa mpira, wapo mabibi wasiojua Kiswahili vizuri ambao Dada alikuwa ameshawaeleza kwa Kimwera kwamba baada ya dua watamwona mjukuu wao anaongea. Rehema alikaa mbele kabisa, ameegemea ukuta, mkono juu ya tumbo.

Nilisimama mbele yao. Nikasema kompyuta bado haijapona. Nikasema video zipo salama ila zinahitaji muda.

Watu wakaitikia kwa upole. Mzee mmoja akanishukuru kwa jitihada. Dada, aliyekuwa ameshaifunua televisheni, akaifunika tena, akaniletea pilau kwa mikono yake mwenyewe, akiniambia nile, nimekonda kwa ajili ya mwanawe. Nikala! Hivi ile pilau ilipitaje kooni?

Tangu hapo uongo ukawa kama kibarua cha pili. Rehema alipopiga simu kuniuliza nimefikia wapi, nikasema natafuta kifaa. Alipopiga tena, nikasema kifaa kiko njiani. Alijifungua mtoto wa kike, akanipigia akiwa bado hospitalini, sauti imechoka. Akaomba kama inawezekana nimtumie hata kipande kifupi kwenye simu, amwekee mtoto sikioni. Nikasema mtandao ni mbaya.

Mke wangu, ambaye alijua kila kitu, alinisihi niseme. Alisema kila siku ninayonyamaza namuua Shaibu upya. Nikamjibu kwamba nasubiri Rehema apate nguvu baada ya uzazi. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Miaka yote nimekuwa mtu anayejua. Sikujua namna ya kuwa mtu aliyekosea.

Rehema alipotoka arobaini ya uzazi alikuja mwenyewe ofisini kwangu, mtoto mgongoni. Hakunipa taarifa. Mimi nilikuwa natoa kopi za vyeti vya mteja. Alikaa kwenye benchi akamsubiri mteja aondoke, kisha akamteremsha mtoto na kumpakata. Akaniambia amekuja kusikiliza tu, hata kama video inaganda, atavumilia.

Nikafunga mlango wa ofisi. Nikamweleza yote, kwa mpangilio, kama ninavyowaeleza ninyi. Flashi, shotikati, sifuri. Sikujitetea.

Hakulia. Akaniuliza niliona nini siku ile nilipoifungua. Nikamwambia kuhusu fulana, kola, sauti mbaya ambayo mtoto ataizoea, na kicheko.

"Halafu akasema nini, mjomba?"

Nikamwambia sijui. Niliifunga.

Akatikisa kichwa taratibu. Akasema hata yeye hakumbuki, kwa kuwa Shaibu alipokuwa akirekodi yeye alikuwa jikoni, akisikia kwa mbali tu. Alijua zipo, atazisikiliza zote mtoto akizaliwa.

Kisha akaniuliza kama siku ya arobaini, pale barazani, nilikuwa najua. Nikajibu ndiyo.

"Siku ile watu walikuwepo," akasema. "Tungelia na watu. Sasa nitalia na nani?"

Akamfunga mtoto mgongoni, akatoka.

Nimepewa lawama nyingi katika maisha yangu, lakini hakuna iliyokaa ndani yangu kama hiyo. Ningesema siku ile, wale mabibi wangempokea Rehema mikononi mwao, Dada Somoe angeshikwa na dada zake, msiba ungekuwa mmoja na kilio kimoja. Mimi nilimpa mjane msiba wa pili na kumfanya aubebe peke yake, ndani ya gari, njia nzima ya kurudi Ruangwa, na mtoto mchanga.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda kwa Dada. Hakupaza sauti. Alisema kufuta amenisamehe, kwa sababu mkono wa mtu yeyote unaweza kuteleza. Lakini nilimwacha asimame mbele ya ukoo awaahidi watu kitu ambacho mimi nilijua hakipo, na hilo hajui atalifanyaje. Lilipokuja shauri la shamba la mikorosho la marehemu, jambo ambalo kwa mila yetu ni la mjomba, aliitwa binamu yetu kutoka Kilimarondo akakaa kwenye mkeka mahali pangu. Nilipata habari kwa watu. Sikuuliza.

Ninaandika haya ili wengine wasipite nilipopita. Wewe unayefomati kompyuta ya mtu, usiamini jina wala picha, angalia uzito wa unachonakili. Usihakiki nakala yako kwenye mashine ile ile unayotaka kuifuta, ihakiki kwenye nyingine. Na kama umeshapoteza kitu cha mtu, tafadhali nakuomba, mwambie leo, wakati bado kuna watu wa kumshika mkono. Usingoje upate maneno mazuri. Hayapo.

Mnaweza kuuliza kwa nini sikuichomeka ile flashi kwenye kompyuta yangu ya kazi. Niliogopa virusi vya Shaibu visije vikaniharibia mashine. Vibanda viwili kutoka kwangu kuna kijana mwenye kompyuta ambaye huwafungulia watu flashi zao watazame kilichomo. Nilimfikiria siku ile, nikaona ni gharama isiyo ya lazima. Anatoza shilingi mia tano.