Randa ya Kinu

Haya alinisimulia rafiki yangu Frederick, fundi seremala wa Mbamba Bay, na hasira zake zilikuwa zimeuzidi woga. Alikuwa amepeleka mlango kijijini Maguu, akamkuta bibi mmoja, Ottilia, anataka kuchoma kinu chake kilichopasuka.

"Mti mgumu hivi unaenda motoni, bibi?"

"Chukua, baba. Lakini ukapikie tu."

Hakupikia. Alichonga randa ya kulainishia mbao, akaiwekea uso wa chini wa shaba, akausugua kwa tupa siku nne. Randa ikagoma. Kila akiisukuma iliruka na kugonga ubao, du, du, na mlango wa kanisa ulitakiwa Jumapili. Akanoa kisu cha randa, akasugua shaba upya, akatukana. Wapi.

Alasiri moja mvua ya ziwani ikatia giza karakana nzima. Frederick akaiacha randa mezani, akaenda kukaa pembeni. Du, du, ikaendelea yenyewe.

Akaifuata kwa kupapasa, akaibeba hadi mlangoni penye mwanga, akaingiza kidole kwenye mdomo wa randa kutoa maranda mekundu ya mninga. Kidole kikatoka cheupe. Ulikuwa unga wa mahindi, laini, bado una joto la kutwangwa.