Mkono Uliopanda Grevilea

Siku ya soko Butembo, pikipiki ilimgonga Virginie kiwiko, vifuko vyake vya miche ya grevilea vikamwagika njiani. Mwanaume mwenye shati jeupe na viatu vinavyong'aa akapiga magoti kwenye matope kuviokota.

"Pole, ma belle. Mimi Gustave, agronome. Bamenituma kutoka Kisangani, nisimamie forêt, musitu yenye itapandwa kuzunguka mji."

"Eh! Na viatu hivi? Udongo ya huku itakufundisha."

Wakacheka, basi, mapenzi yakawa yameanza. Simu asubuhi, simu mchana, chouchou huku, chérie kule. Ni Virginie aliyemwomba mama yake, Orpa, atoe kilima chake kwa ajili ya msitu. Ni yeye pia, amelegea kwa mapenzi, aliyemwambia Gustave: "Kwetu, mutu akipanda muti kwa mukono yake, udongo njo inakuwa yake. Mugeni tunamuachia alime maharagwe. Muti, hapana. Wewe mama anakuacha upande juu ya vile utakuwa mukwe wake."

Gustave akapanda miti mia mbili kilimani hapo peke yake, akikataa msaada. Jamani, Virginie aliona huo ndio upendo! Mmoja tu, kando ya njia, waliupanda pamoja, mikono juu ya mikono.

Miezi mitatu baadaye, Gustave akiwa Beni kikazi, jirani Kamate akampigia Virginie simu.

"Dada, batu banapima kilima ya mama yako. Banasema ni ya Gustave. Iko karatasi, na mashahidi balioona akipanda."

Virginie akampigia papo hapo. "Gustave, ni kweli?"

"Chérie, mais si tutaoana? Nimenunua hata pete. Yangu njo yako."

"Juu ya nini haukuniambia?"

Gustave akakata simu. Mnafiki wee! Siri ambayo Virginie alimpa kwa mapenzi ndiyo Gustave aliyomwibia nayo mama yake.

Kesho yake Gustave akafika, pete mfukoni, akakuta majirani wamejaa kilimani. Virginie anang'oa mche, mama Orpa anaupanda tena kwenye shimo lile lile, Kamate anashuhudia.

"Unaua forêt!"

"Hapana. Muti itabaki. Mukono njo inabadilika."

"Virginie, nakupenda."

"Miye pia nakupenda. Njo maana inaniuma," akasema, machozi yakimtiririka hadi kwenye kitenge.

Akaufikia ule mche wa kando ya njia. Akaung'oa polepole na udongo wake, akautia kwenye kifuko, akamwekea Gustave mikononi.

"Hii tulipanda wote wawili. Enda nayo kwenu."

Kisha akageuka. "Mama, huku kuko shimo. Leta muti ingine."