Mluzi wa Fundi Funguo

Siku mzee fundi funguo alipofariki, redio ya kibandani haikuwashwa. Hivyo ndivyo soko zima lilivyojua, hata kabla msiba haujatangazwa. Wauza nguo waliinua vichwa, wakatazama kibanda chake pale langoni, wakaona kufuli nje na kimya ndani, wakaacha kuwaita wateja.

Binti yake alirithi mashine ya kuchongea, ubao wa funguo zisizochongwa, na redio hiyo isiyo na kitufe cha sauti. Mzee alikuwa amekinyofoa mwenyewe, ili asitokee mtu wa kumpunguzia muziki. Ukitaka iseme, unachomeka waya; ukitaka inyamaze, unachomoa. Alibaki pia na kitu kimoja kwenye simu yake mwenyewe: mluzi wa baba. Mzee alikuwa na mluzi wake wa kujitungia, aliokuwa akiupiga kila akichonga. Binti aliwahi kuurekodi siku moja kwa mzaha, lakini katikati mashine ilinguruma ikaumeza, na rekodi ikaishia hapo. Mwisho wake hakuukumbuka. Aliutafuta akioga, akila, akisubiri zamu yake benki. Wapi!

Alipofungua tena kibanda, asubuhi ya pilikapilika, umati ulimsukuma kijana mmoja mpaka akajigonga kwenye meza yake. Alivaa shati la rangi ya haradali lenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine, gitaa mgongoni.

"Samahani, fundi. Nataka unichongee ufunguo wa studio. Na hiyo redio, unaweza kuipunguza kidogo?"

"Haipunguzwi."

"Haipunguzwi au hutaki?"

"Yote mawili. Lete ufunguo."

Mashine ikalia. Kijana akafumba macho, kichwa kikimtikisika kama anayeonja mchuzi.

"Huo mlio, naomba uniazime."

"Mlio hauazimwi, kaka. Ufunguo wako huu hapa."

Ndipo akajieleza. Kila Jumamosi asubuhi alikuwa na kipindi redioni. Wasikilizaji walipiga simu, kila mmoja na mlio wa kwake: sufuria, bawaba ya mlango, ndala za bibi. Yeye aliufuata kwa gitaa, akaongeza wa pili, wa tatu, mpaka watu wasiojuana wakawa wanapiga wimbo mmoja ambao hakuna aliyeufanyia mazoezi.

"Kumbe ni wewe!" Binti akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Baba alikuwa akikuita Bwana Kelele."

"Alinichukia?"

"Hakukosa hata Jumamosi moja."

Kijana akarudi na ufunguo mwingine, kisha na kufuli zima lisilo na ubovu wowote. Vilipomwishia vyote vyenye tundu la ufunguo, hakuhitaji tena kisingizio. Simu zikaanza.

"Umekula, malkia?"

"Niite fundi. Malkia gani ana chenga za shaba kwenye nywele?"

"Basi, fundi wangu."

"Hapo umejitahidi."

Jioni moja, wakiwa wamekaa kwenye benchi nyuma ya kibanda, binti alimsikilizisha mluzi wa baba. Kijana hakupumua mpaka ulipokatika.

"Huu ni wangu na wako tu," binti akasema. "Nimebaki nao huo."

"Hata gitaa langu halitaujua."

Jumamosi ikafika. "Leo," sauti ya kijana ikasema redioni, "leteni wimbo wa mtu wenu asiyekuwepo. Msinipe jina. Nipeni sauti tu." Simu ya kwanza ikakwaruza, kisha mluzi wa baba ukajaa kibandani, gitaa likiunyatia nyuma.

Binti aliruka kutoka kitini. Akachomoa waya. Akaifungia namba ya kijana isimpigie tena.

"Kampa kila mtu!" alimlilia shangazi yake. "Baba yangu kagawiwa kama karanga za njiani."

"Umemsikiliza mwenzio lakini?"

"Nimesikia vya kutosha."

Shangazi akaguna. "Mwanangu, wewe ni kaka yangu mtupu. Naye akikasirika alikuwa anachomoa waya kwanza, anauliza baadaye."

Kijana alipokuja kibandani, binti aliwasha mashine, akaiacha ingurume bila ufunguo wowote, mpaka mwenzake akachoka kushindana nayo, akaondoka ameinamisha kichwa.

Siku zikapita. Asubuhi moja alikuwa akipiga tupa ufunguo, mchukuzi wa mizigo akapita na mkokoteni wake, akipiga mluzi. Mluzi ule ule. Binti akauma meno: haya, sasa umo midomoni mwa kila mtu. Akangoja pale unapokatika.

Haukukatika. Ulipanda, ukageuka, ukashuka polepole kama mtu anayeteremka ngazi huku akicheka, ukatua.

Tupa ikamponyoka. "Kaka! Huo umeutoa wapi?"

"Kwa mzee wako, dada. Nashusha magunia hapa kila siku, ningeacha kuushika? Niliupiga redioni ile Jumamosi. Yule wa gitaa alinyamaza ghafla, nikadhani laini imekatika. Halafu akasema, 'Kaka, nakuomba, rudia huo mwisho.' Kwani hukusikia?"

"Nilichomoa."

"Pole. Uliukosa uhondo."

Jumamosi iliyofuata, akiwa kibandani, binti alipiga simu redioni.

"Karibu, mpigaji. Punguza redio yako kwanza, inatulilia hewani."

"Haipunguzwi."

Mlio mkali wa redio yake ukapasua masikio ya mji. Gitaa likanyamaza.

"Haipunguzwi," kijana akauliza taratibu, "au hutaki?"

"Yote mawili. Nisamehe, Bwana Kelele. Nilichomoa kabla sijasikia."

"Fundi wangu, mji mzima unakusikia."

"Wasikie. Na ule mlio niliokunyima, huu hapa." Akawasha mashine. Gitaa likaingia chini yake. Halafu simu nyingine ikapokelewa, mchukuzi akapiga mluzi mpaka mwisho, na langoni wauza nguo wakampigia makofi ya kumfuatisha.

Kipindi kilipokwisha, kijana alifika kibandani akihema, shati lile lile la haradali, akaweka ufunguo mezani.

"Wa studio tena?"

"Wa nyumbani kwangu. Nichongee mwingine, ubaki nao wewe."

Binti akaugeuzageuza chini ya taa. "Kuchonga nitachonga. Posa peleka kwa shangazi. Na uvae shati ambalo vifungo vyake vinajuana."

Shangazi alikubali. Siku hizi redio ya kibandani huwashwa kila asubuhi, na mpaka leo haina kitufe.