Ubeti wa Wolter

Haya yalimpata rafiki yangu Harmen, mpiga kinanda, na mpaka leo hayasimulii usiku.

Bendi yao huko Uholanzi ilipiga nyimbo ndefu za roki, mmoja dakika ishirini, zote kwa Kiholanzi. Harmen alichoka kuchekwa.

"Tuimbe Kiingereza, bwana, tuuze santuri kama wenzetu!"

Wolter, mwimbaji wao, akavaa koti. "Mama yangu hakunibembeleza kwa Kiingereza. Imba mwenyewe, msaliti we!"

Akaondoka. Waliobaki wakarekodi ala tupu kwenye utepe, wakamwachia nafasi ya ubeti wake. Ukungu ulikuwa mzito jioni ile. Kesho yake baiskeli yake ilikutwa mferejini, naye chini yake, amekufa maji.

Januari, Harmen alikwenda kwenye ghala la jibini walikofanyia mazoezi, achukue utepe ule ampelekee mjane wa Wolter. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, giza la mapema la majira ya baridi limekwisha kutanda. Akauweka kwenye mashine ahakikishe ndio wenyewe. Ngoma zikapita, kinanda kikapita, ikafika ile nafasi tupu.

Sauti ya Wolter ikaingia. Iliimba Kiingereza, ikijikwaa kila neno, kama mtu anayeomba radhi.

Harmen akaizima mashine, machozi yakimtiririka. "Basi, ndugu yangu. Nilikosea mimi. Imba kwa lugha yetu."

Magurudumu ya utepe yalikuwa yamesimama kabisa. Gizani, karibu na sikio lake, mtu akakohoa maji, kisha akauanza ubeti upya, kwa Kiholanzi.