Kidole Kilichokubaliwa

Kidole kilipokataliwa mara ya kwanza, Bi Rula alidhani ni mafuta ya kupikia. Akanawa mikono, akaikausha kwa taulo, akabonyeza tena kile kisomaji kidogo cha alama za vidole kilichounganishwa kwa waya na kompyuta yake ya mezani. Taa nyekundu. Akakipuliza kidole, akakipangusa kwenye gauni, akabonyeza tena. Nyekundu.

Jina la Bi Rula alipewa na mafundi wa ujenzi, maana kazi yake ilikuwa kuchora ramani za majengo na mistari yake haikupinda hata kidogo. Alichorea nyumbani, katika chumba cha pembeni alichopewa na mama mkwe wake aliyeishi naye. Paswedi zake zote, za barua pepe, za michoro, za ofisi iliyompa kazi, alikuwa amezikabidhi kwa programu moja ya kuzitunza, na programu yenyewe aliifungua kwa kidole. Paswedi kuu alishaisahau kitambo. Nani ahangaike kukariri wakati kidole anatembea nacho? Sasa wodi ya wazazi ilikuwa inajengwa, msimamizi anasubiri marekebisho ya mabomba, na yeye amefungiwa nje ya kazi yake mwenyewe.

Alisonya, akaenda jikoni kunywa maji. Akiwa huko akasikia tik, ule mlio mdogo wa kufunguka.

Alirudi mbio. Taa ilikuwa ya kijani, programu iko wazi, kiti kina joto, na chumba kinanuka kucha zilizoungua. Mtu mwingine angetoka nduki. Bi Rula alikuwa amechelewa mno na kazi, na kilichompanda kilikuwa hasira. Yaani yeye mwenye kidole anakataliwa, halafu mwingine anakubaliwa. Akakaa kwenye joto lile lile, akachora mpaka programu ikajifunga.

Ikawa ndiyo mazoea. Akikataliwa hutoka, husimama koridoni amekunja mikono, akisubiri mlio. Fundi kompyuta alikuja, akabonyeza hapa na pale, akasema kisomaji ni kizima, akaenda zake. Siku moja mlio ulichelewa, na uvumilivu ukamwishia.

"Fungua basi," alisema akiwa mlangoni. "Unanichelewesha."

Tik.

Tangu hapo mambo hayakuishia kwenye kompyuta. Komeo la bafuni lilikuwa likijitoa lenyewe akiwa ndani anaoga, kabati la vyombo likawa halikai limefungwa, na ile harufu ya kucha ikawa inatangulia kila mlango kabla haujafunguka, ikipita taratibu koridoni kama mtu anayekagua nyumba anayotaka kuhamia. Kisha mchana mmoja mama mkwe, aliyekuwa amejinyoosha sebuleni, akamwita.

"Mwanangu," alimuuliza kwa sauti ya chini, "ulikuwa unatafuta nini usoni kwangu?"

"Mimi, mama? Nilikuwa jikoni."

Mama mkwe akajishika kope. "Kidole kimoja. Kinabonyeza jicho, kinangoja, kinabonyeza tena. Kama mtu anayetafuta pa kufungulia."

Mama mkwe hakungoja mwanawe, mume wa Bi Rula, arudi safari. Jioni ile ile akamleta mganga, mwanamke mnene mwenye pumzi fupi, ambaye alinusa chumba na kuuliza swali moja tu: nani alimwambia afungue? Bi Rula akainamisha uso, akakiri. Mganga akaeleza kwamba jini lile halikuvamia, lilitumwa kazi, na aliyelituma ndiye mwenye uwezo wa kulikataa. Likifungua tena, asiguse kitu; aliambie halihitaji, kisha ang'oe waya. Bi Rula akauliza, na michoro je?

Mlio ukaja. Bi Rula akaingia, akaona kwenye kioo cha kompyuta michoro yake yote imekamilika, hata mabomba ambayo alikuwa hajayagusa, mistari imenyooka kuliko alivyowahi kuinyoosha yeye, na akatamani, Mungu amsamehe, alitamani sana kukaa tu na kumaliza balaa hili la kazi, lakini kiti kilikuwa kimebonyea katikati, kimekaliwa na mtu asiyeonekana, nacho kilikuwa kinageuka polepole kumwelekea.

"Sikuhitaji," alisema. Akaufuata waya kwa mkono, akaung'oa.

Kiti kikalia, kama mtu ameinuka. Harufu ikampita begani. Mlango wa mbele ukafunguka, ukajifunga, na nyumba ikawa nyepesi. Mama mkwe akaanza kulia kwa nafuu.

Bi Rula akachukua simu na kumpigia msimamizi wa ujenzi, amwombe radhi kwamba michoro itachelewa. Msimamizi akashangaa. Michoro ilikuwa imefika tangu jana, alisema, imesainiwa kwa kidole chake, na mabomba yako sawasawa. Kilichowatatiza ni mlango aliouongeza kwenye chumba cha watoto wachanga, kwenye ukuta wa nyuma, mahali ambapo nje hakuna njia. Mafundi walikuwa wamegoma kuutoboa mpaka aulizwe mwenyewe.

"Msiutoboe," alisema Bi Rula. "Nakuomba. Huo mlango si wangu."

Msimamizi alipojibu, sauti yake ilikuwa imeshuka, kama mtu asiyetaka kusikiwa na aliye karibu naye.

"Hatujautoboa, Bi Rula. Lakini sasa hivi tumeusikia ukifunguka."