Wanga Hawa, Wanga Huu

Kila asubuhi natoa benchi langu barazani na kupanga vitu vyangu: nyundo, gundi, sindano nene ya ngozi na uzi uliopakwa nta. Mimi ni fundi viatu, wajukuu zangu, na kazi hii nimeifanya tangu meno yangu yalipokuwa yote kinywani. Ng'ambo ya barabara, mkabala na mimi kabisa, kuna baraza nyingine, na hapo anakaa fundi cherehani. Sisi tunamwita Mama Pindo, kwa sababu ukimpelekea gauni, hata likiwa jipya kutoka dukani, atalitazama, atasonya, atasema, "Pindo hili halijakaa."

Basi tumezoea kutaniana. Mimi nagonga, yeye anakanyaga cherehani, maneno yanavuka barabara.

"Mzee, hicho kiatu unakitengeneza au unakiadhibu?"

"Kimenitukana! Wewe tazama usijishone kidole."

Jioni akifunga kazi alikuwa ananiletea bakuli lililofunikwa kitambaa. Leo mihogo ya kuchemsha, kesho viazi vitamu. Mimi nakula, nalamba vidole, namrudishia bakuli jeupe kama limeoshwa.

Nilikuwa nataka kuwaambia nini? Ehe, sukari. Mwaka huo nilishikwa na kiu isiyoisha. Nakunywa maji, nakimbia chooni, narudi nakunywa tena. Macho nayo yakaingia ukungu, tundu la sindano nikawa naliona mawili. Bibi yenu akasema, "Hapana, hii si ya kukaa nayo. Nenda kliniki." Yeye goti lilikuwa linamsumbua, kwa hiyo akamtuma mjukuu wetu anisindikize. Huyu ni mtoto wa binti yetu wa pili, alikuwa na miaka kumi na miwili, na tunamwita Chiriku, maana tangu aamke mpaka alale mdomo wake haupumziki.

"Chiriku, ingia naye mpaka ndani," Bibi yenu akamwambia. "Babu yako sikio moja linasikia likitaka, na kusoma anajua jina lake tu. Sikiliza kila neno, uje uniambie."

"Sawa, Bibi. Kila neno."

Tukafika. Uwanjani pale kliniki palikuwa na wasichana wa rika lake wanaruka kamba. Jina langu lilipoitwa, Chiriku akasema, "Babu, tangulia, nakuja sasa hivi." Hiyo sasa hivi yake mpaka leo naingoja.

Nikaingia peke yangu. Muuguzi alikuwa mama mmoja mpole mwenye miwani, na nyuma yangu foleni inafika mlangoni. Akanichoma kidole, kile kimashine kikasoma kumi na sita.

"Mzee, sukari yako iko juu sana. Tunataka ishuke, ifike saba hivi. Vidonge hivi utameza asubuhi na jioni, ukishakula, usiruke hata siku moja. Lakini dawa peke yake haitoshi. Punguza wanga."

"Wanga?"

"Ndiyo, wanga. Ndio unaokumaliza. Jihadhari nao, hasa jioni. Sukari usiweke kwenye chai. Rudi baada ya mwezi, na kama haijashuka itabidi tuanze sindano."

Nyinyi mnaosoma shule mmeshaanza kucheka, nawaona. Lakini mimi shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza. Wanga ninaowajua mimi ni wale wanaosemwa kwamba wanatoka usiku kuroga watu. Nikasema moyoni, kumbe siku hizi hata hospitali wanakiri! Lile neno "unaokumaliza" lilinitatiza kidogo, maana wanga ni watu, ilitakiwa aseme "wanaokumaliza." Nikaona ni Kiswahili cha wasomi, kimepinda. Tena nani atamkosoa muuguzi aliyeshika sindano? Mimi sindano nashika kutwa, lakini yangu inaingia kwenye ngozi ya kiatu. Ya kuingia kwangu mwenyewe naiogopa kama mtoto mchanga.

Ningemwuliza, "Mwanangu, sijaelewa." Maneno mawili tu hayo. Sikuyasema.

Nyumbani, Bibi yenu akamwuliza Chiriku, "Umesikia yote?"

"Yote, Bibi."

"Kasemaje?"

Chiriku akanitazama. "Kasema ameze vidonge na... asiweke sukari kwenye chai." Hayo nilimwambia mimi njiani. Ya wanga sikumwambia, nilidhani ni mambo ya kumtisha mtoto.

Nikaanza kufikiri. Nani ananijia jioni? Nani ananiletea vitu vimefunikwa? Na kila nikila vile vitu, si ndipo kiu inapanda na macho yanaingia ukungu? Hesabu ikakamilika kichwani. Mama Pindo!

Kesho yake nikaligeuza benchi langu, nikakaa nimeipa barabara mgongo.

"Mzee, leo umenipa kisogo?" akaita. "Geuka basi, hicho kipara kinanimulika machoni!"

Nikagonga kiatu. Jioni akaleta bakuli, nikasema nimeshiba. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu hakuleta. Yale maneno ya kuvuka barabara yakakatika, ikabaki cherehani yake ikilia yenyewe.

Mimi nikajiona nimemaliza kazi. Vidonge nameza, chai nakunywa bila sukari huku nimekunja uso, na mwanga nimemfukuza. Basi nikawa nakula kwa moyo mweupe. Asubuhi nusu mkate na uji, mchana wali, nao si wa kijiko, wali wa kupanda kwa ngazi. Lakini baada ya wiki mbili kiu ikazidi, na siku moja nikagonga dole gumba badala ya msumari, kwa sababu nimeona misumari mitatu nikachagua ambao haupo.

Siku hiyo hiyo alasiri Chiriku akarudi kutoka shule, akanikuta na sahani yangu. Akasimama mlangoni, kimya. Chiriku akinyamaza, jueni kuna jambo.

"Babu," akasema polepole, "yule muuguzi alikwambia upunguze nini?"

Nikatazama mlangoni, nikashusha sauti. "Wanga."

"Na umepunguza?"

"Nimepunguza kabisa! Simsalimii, na bakuli lake siligusi."

"Bakuli la nani?"

"La Mama Pindo."

Mtoto akaweka mkono kichwani. "Babu! Wanga hawa, au wanga huu?"

"Ndio vipi tena?"

Akatoa daftari mkobani. "Mwalimu wa sayansi ametufundisha leo. Wanga huu. Si watu, Babu, uko kwenye chakula! Wali, mkate, uji, mihogo, viazi. Ukila, tumboni unageuka sukari."

Nikaitazama sahani yangu, na sahani ikanitazama. "Kwa hiyo huyo mwanga ninayemkimbia..."

"Unammeza, Babu. Kijiko baada ya kijiko."

Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Lakini nilipoinua macho, Chiriku alikuwa analia. "Ni mimi, Babu. Nilikuwa naruka kamba. Halafu nikamwambia Bibi nimesikia yote. Sikusikia hata neno. Sasa utachomwa sindano kwa sababu yangu."

"Basi nenda ukamwambie Bibi yako."

"Nenda wewe, Babu."

"Mimi nilikuwa naruka kamba?"

Akaenda. Alijifuta machozi kwa kiganja, akaingia jikoni, akasema yote bila kupunguza. Bibi yenu alicheka aliposikia habari ya Mama Pindo, kisha kicheko kikakatika ghafla. Akamvuta mtoto karibu yake. "Umefanya vibaya kuniongopea. Lakini umekuja mwenyewe kusema, na bado tuna wiki mbili. Kesho tunarudi kliniki wote, goti langu litajijua."

Kile kimashine kilisoma kumi na saba. Chiriku alikiri kwa muuguzi kwamba siku ile alikuwa anaruka kamba, nami nilipoeleza nilivyoelewa, miwani ilimwanguka muuguzi kwa kucheka. Akavuta kiti, akachora sahani kwenye karatasi, na safari hii Chiriku alikuwa ameinama mezani, kalamu mkononi. Nusu ya sahani mboga za majani. Robo nyama, au samaki, au mayai. Na wanga kipande kidogo tu, kama ngumi ya mtoto mdogo.

"Kula kwa saa zilezile, mzee, na vidonge usiache. Ukijisikia unatetemeka na jasho linakutoka, ujue sukari imeshuka mno: lamba kitu kitamu kidogo, kisha uje unione."

"Kwa hiyo ndio basi," nikasema. "Nitakula majani. Mimi mbuzi."

"Nani kakwambia? Mwenye mpishi hodari hawezi kujuta."

Lakini kabla ya kupika, nilikuwa na barabara ya kuvuka. Sijawahi kuona barabara pana kama ile. Nilimshika Chiriku mkono, nikamkuta Mama Pindo ana pini mdomoni, anapima pindo.

"Shemeji," nikasema, "nimekuja kukuomba radhi. Nilikudhania mwanga." Nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho.

Akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. "Mimi? Kwa mgongo huu? Nikitoka kwenye cherehani nalala kama gogo, huko kuroga ningekwenda saa ngapi?" Chiriku akacheka, nami nikacheka, yeye bado. "Ungeniuliza, mzee. Wiki mbili nimekuwa nikizungumza na cherehani."

"Ningekuuliza," nikasema. "Kweli kabisa."

Akanitazama sana. Halafu akasimama, akakung'uta nyuzi. "Chiriku, hebu hiyo karatasi ya muuguzi. Kumbe mihogo yangu ndiyo mwanga! Twende kwa bibi yako."

Wajukuu zangu, jikoni kwetu siku hiyo kulikuwa kama kuna arusi. Mama Pindo alichukua kabichi, akaikata kwa mkono ule wa kukatia vitambaa, nyembamba kama uzi, na Bibi yenu akaikaanga na kitunguu, karoti kidogo na tangawizi. Ikamwagwa kwenye sahani, ikasimama kama wali. Juu yake samaki wa kukaanga, ndimu imekamuliwa, ngozi inalia kama karatasi ukiiuma. Pembeni vipande vya parachichi. Mimi nilikaa nimenuna, nikachukua kijiko kimoja ili nisionekane mkaidi. Kisha cha pili. Cha tatu sikukihesabu.

"Babu, mbuzi anaendeleaje?" Chiriku akauliza.

"Mbuzi anaomba aongezwe."

Chiriku akakipa chakula kile jina: wali wa uongo. Bibi yenu akamnyooshea mwiko. "Sawa. Na huo ndio uongo pekee unaoruhusiwa katika nyumba hii."

Kuanzia hapo kila siku likawa shindano kati ya baraza na baraza. Mama Pindo analeta biringanya amezipasua, amezijaza nyama ya kusaga, amezifunga na uzi kama vifuko. Bibi yenu anajibu kwa mayai yaliyovimba, yana mchicha na nyanya. Chiriku naye akagundua chai ya mdalasini, kumbe mdalasini unaweza kukusahaulisha sukari. Kipande changu cha kiazi, kile cha ngumi ya mtoto, nakitunza mpaka mwisho nakila polepole, na nawaambia kweli, kina utamu ambao milima yangu ya wali haikuwa nao. Zamani nilikuwa nakula mpaka nisinzie. Sasa nilikuwa nakula halafu naomba kazi. Tundu la sindano likawa moja.

Mwezi ukatimia. Nikaingia kliniki na Chiriku, na wasichana wa kamba walikuwepo uwanjani, wakamwita. Akawapungia mkono. "Nikitoka!"

Muuguzi akanichoma kidole. Mimi nilifumba macho. Nikasikia Chiriku anapiga ukelele.

"Tisa, Babu! Tisa!"

"Bado tuna safari," muuguzi akasema, "ila sindano tuiache kwanza. Umefanyaje, mzee?"

"Nimewapunguza wanga, mwanangu. Nime... umepunguzwa. Loo, Kiswahili hiki!"

Muuguzi akamgeukia Chiriku. "Sikiliza, binti. Maradhi haya hayaogopi dawa peke yake, yanaogopa pia mtu anayejua anachokula. Na hawezi kujua kama asiyesikia anadanganya kwamba amesikia, na asiyeelewa ananyamaza. Ukikosa kusikia, sema sikusikia. Ukikosa kuelewa, uliza. Hayo yanaokoa mtu kama vidonge."

"Ndiyo, mama," Chiriku akasema. Nami nikasema ndiyo, maana nusu ya maneno yale yalikuwa yangu.

Tulirudi nyumbani, nikalibeba benchi langu, nikaligeuza likatazama barabara. Jua lilipoanza kupoa, nikamwona Mama Pindo anafunga cherehani, anavuka, bakuli limefunikwa kitambaa mkononi.

"Hodi humu ndani!" akaita mtaa mzima ukasikia. "Mwanga wenu nimefika!"

"Karibu, shemeji," nikajibu, kijiko tayari mkononi. "Hawa au huu?"