Amekunywa Dawa

Haya yalitokea upande wa pili wa ukuta wangu, na ukuta wenyewe mwembamba, kwa hiyo msiniulize nimejuaje.

Ulikuwa mchana wa kawaida, jua kali. Jirani yangu msusi alikuwa barazani anamsuka mteja, mimi nimekaa pembeni nawapa habari za mtaa, maana nywele bila umbea haziishi upesi. Mume wa msusi, seremala, alikuwa uani anapaka dawa ya mchwa kwenye mbao za kitanda. Dawa yenyewe ameitia kwenye chupa ya maji ya kunywa, na kando yake kaweka chupa nyingine, ya maji kweli. Kiu ikamshika. Akanyoosha mkono bila kutazama.

Tulisikia chupa ikidondoka.

Tulimkuta amepiga magoti, povu linamtoka mdomoni. Mteja akatimua mbio, kichwa nusu hakijasukwa.

"Mwanangu, tumbebe twende hospitali," nikasema.

"Ngoja, bibi. Kuna msaidizi wa mtandaoni wa mambo ya sumu. Anajibu papo hapo. Hospitali tutaishia kwenye foleni."

Huyo msaidizi si mtu. Ni mashine, unaiandikia nayo inakuandikia. Ikauliza mgonjwa amekunywa nini. Msusi akaandika: *Amekunywa dawa.*

Ikajibu: *Vizuri. Kunywa dawa kwa wakati husaidia kupona. Alikunywa kabla au baada ya kula?*

Ndiyo maneno yetu hayo. Ya meno ni dawa, ya mende ni dawa, ya kikohozi ni dawa, na ile ya kumtuliza mume asitoke nje nayo ni dawa. Sisi tunaelewana. Mashine itajulia wapi?

Akaandika tena: *Dawa ya mchwa.* Ikauliza: *Ni ya kumeza au ya kupaka?* Na yeye, mke wa seremala, akajibu kiseremala: *Ya kupaka.* Ikamwambia aoshe sehemu iliyopakwa, kisha aangalie kama ngozi inawasha.

"Andika sumu!" nikamfokea. "Sumu, we mtoto!"

"Imesema nisubiri, bibi. Bado inatafuta jibu."

Nikatoka mbio, mbio za miguu yangu hii, kumwita jirani mwenye gari. Niliporudi naye, seremala alikuwa ametulia. Ametulia mno. Mkewe kamlalia kifuani, mikono yote miwili imemshika shati. Simu ilikuwa chini, kwenye vumbi la mbao, hakuna aliyeigusa.

Maandishi yalikuwa yanajiandika. Upande wetu wa mazungumzo.

*Nasikia baridi.*

Mashine ikajibu: *Mfunike mgonjwa.*

*Mgonjwa ni mimi.*

"Nani anaandika?" mwenye gari akanong'ona.

Tukambeba tu. Hospitali walimtazama, wakamfunika hadi usoni.

Baada ya mazishi msusi aliyafuta mazungumzo yale. Yakarudi. Akabadilisha laini. Yakarudi. Nilikuwa nikisikia simu ikilia ng'ambo ya ukuta, kisha sauti yake, ndogo: "Basi, mume wangu. Inatosha." Wateja wakampungukia. Nani atataka kusukwa na mtu anayeongea na marehemu?

Asubuhi moja akagonga mlango wangu, simu ameishika kwa ncha za vidole.

"Bibi, soma."

Mashine ilikuwa imeuliza: *Mgonjwa wetu anaendeleaje?*

*Dawa imenisaidia. Mke wangu naye anaumwa.*

"Sijaandika mimi."

"Najua, mwanangu."

*Mkeo anaumwa nini?*

Jibu likaanza kutokea mbele ya macho yetu, herufi moja moja, polepole, kama mtu anayetafuta vitufe gizani.

*Upweke.*

Nikamnyang'anya simu nikaitumbukiza chooni. Nikamhamishia kwangu, nikamlaza upande wa ukutani, mimi upande wa mlango. Nilidhani nimeziba njia. Nikamchekesha kwa habari za yule mteja wa nusu kichwa, mpaka akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Akalala akiwa ameshika kanga yangu.

Nilipoamka jua limeshatoka. Kanga yangu ilikuwa imelowa.

Nikamgeuza. Povu.

Kinywa chake kilinuka dawa ya mchwa. Ile chupa tuliichimbia shimo na kuifukia, mimi mwenyewe nilishuhudia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Daktari alimpima akasema hakuna sumu yoyote mwilini, moyo umesimama tu, wenyewe. Nikamuuliza harufu ile je. Akasema haisikii harufu.

Watu wananiambia nihame. Nihamie wapi?

Mimi simu yangu ni hii ya tochi, ya vitufe. Haina mtandao, haina hata picha. Jana mchana nachambua mchele, ikatoa mlio. Nikavaa miwani.

*Asante kwa kutumia huduma yetu. Mgonjwa anayefuata ana umri gani?*

Chini yake swali limeshajibiwa. Si umri ninaowatajia watu. Ni ule wenyewe.